Lindo lisilobadilishwa: kisa cha mke wa askari aliyerudi kutoka Kongo

Alikuja kwa ajili ya presha. Muuguzi alimpima mara tatu, akimbadilishia mkono, na kila mara mashine ilisoma juu ya 160 kwa 100, kwa mwanamke wa miaka 38 asiye mnene na ambaye kwao hakuna mwenye presha. Alipoulizwa kama kuna jambo linamsumbua nyumbani, alisema hakuna. Alipoulizwa ni lini mara ya mwisho alilala usiku kucha, alifikiri kidogo, halafu akataja mwaka.

Kwa jibu hilo akaletwa chumba cha pili, kwangu.

Mimi ni mshauri nasaha, na wengi ninaokaa nao ni wanawake wanaouguza. Kisa hiki nimekiunga kutoka nyumba zaidi ya moja za Dar es Salaam, na kila kinachoweza kumtambulisha mtu nimekigeuza. Majina sitoi. Mume, mkewe humwita Baba Watoto na mtaa humwita Afande. Nitayatumia hayo hayo. Mke nitamwita dada, kwa sababu ndivyo nilivyomwita siku zote.

Afande alikuwa askari wa JWTZ, sasa ni mstaafu. Mwaka 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098, likaunda brigedi ya kupambana na makundi ya waasi mashariki mwa Kongo, na askari wake wakatoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Tangu hapo maneno "kaenda Kongo" yakawa ya kawaida katika mitaa yetu, na wengi tuliyasikia kama habari ya neema: atarudi, atajenga. Kisha ikaja tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki, wilaya ya Beni. Askari wasiopungua 14 wa Tanzania waliuawa katika shambulio moja la waasi na zaidi ya 40 wa kikosi cha Umoja wa Mataifa wakajeruhiwa. Afande hakuwa pale usiku ule. Alikwenda zamu ya baadaye, eneo hilohilo, na aliyoyaona huko sitayaandika. Ni yake. Na dada mwenyewe hayajui yote mpaka leo, jambo ambalo nitalirudia, kwa sababu wake wengi hudhani wasipoyajua yote hawawezi kusaidia.

Alirudi mzima. Hilo ndilo neno walilotumia wote, mzima, kwa maana ya mikono miwili na miguu miwili. Miezi mitano ya kwanza alijenga nyumba.

Mabati

Nyumba iko Mbagala ndani, vyumba vitatu na sebule. Tofali ni za hela ya Kongo, na mabati pia. Nyuma kuna mwembe uliokuwepo kabla kiwanja hakijapimwa, na matawi yake yamelalia paa upande wa chumba cha wazazi. Anayeishi chini ya mwembe Dar es Salaam anajua Novemba ikiingia kunakuwaje: embe linaanguka usiku wa manane na bati linalia kama limepigwa nyundo.

Embe la kwanza lilipoanguka, Afande alikuwa chini ya kitanda kabla dada hajafungua macho. La pili, siku chache baadaye, alimvuta na yeye chini, akamlalia kumkinga, akamziba mdomo asipige kelele. "Hakunipiga, dokta," aliniambia (huniita hivyo ingawa mimi si daktari). "Alikuwa ananiokoa." Alama za vidole shavuni zilikaa siku nne. Alizipaka poda.

Msimu uliofuata dada hakusubiri. Oktoba alimlipa kijana wa bodaboda apande aangue embe zote zingali changa, asibakize hata moja. Alizimenya, akazikata vipande virefu, akatia chumvi na pilipili, akampa mama mmoja anayeuza nje ya shule ya msingi. Mtaa ukamsifu kwamba ana akili ya biashara.

Kuangua zile embe ni tendo la mapenzi, sina shaka nalo. Ila halikuishia hapo. Watoto walikatazwa kuvaa ndala ndani, maana zinachapa sakafu. Maandazi ya asubuhi, yaliyokuwa yanamwingizia hela yake mwenyewe, aliyaacha kwa kuwa mafuta yanaporuka kikaangoni Afande hushtuka. Taarifa ya habari ikazimwa. Mtoto wa kiume, wa miaka 11, alijifunza kujitaja kila anapopita nyuma ya kiti cha baba yake: "Baba, ni mimi." Harusi hawaendi, kigodoro kikipigwa mtaa wa pili familia nzima inahamia kwa shangazi Kigamboni. Dada aliacha kikoba chake cha Jumamosi, akaacha kwaya, akaacha kupokea simu za dada zake mbele ya mume. Ndani ya miaka mitatu nyumba nzima ilikuwa inatembea kwa ncha za vidole.

Hapa lazima nieleze ugonjwa wenyewe kidogo. Madaktari huuita PTSD, ugonjwa wa kiwewe. Uliingia rasmi katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, lakini wapo bibi zetu ambao waume zao walirudi kutoka vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na ambao wangekueleza dalili zake zote bila kujua jina. Tukio hurudi lenyewe, kwa ndoto au mchana kweupe. Mtu hukwepa chochote kinachomkumbusha. Moyo hufa ganzi, hata kwa watoto anaowapenda, na hujilaumu kwa yaliyotokea. Na mwili hukaa macho muda wote, ukisubiri. Hayo yakizidi mwezi mmoja na kuvuruga maisha, hapo ndipo hupewa jina hilo.

Katika yote hayo, kukwepa ndicho chakula cha ugonjwa. Kila mara embe lisipoanguka kwa sababu limeanguliwa, mwili wa Afande haupati nafasi ya kujifunza kwamba embe ni embe. Unachojifunza ni kwamba tumeponea chupuchupu. Kwa hiyo dada, kwa mapenzi na kwa jasho, alikuwa anaulisha ugonjwa ule kila siku, na gharama ya chakula hicho ilikuwa maisha yake mwenyewe: hela ya maandazi, kikoba, kwaya, usingizi.

Nilipokosea

Kikao cha pili nilimpa dada karatasi. Nilikuwa nimeiandaa vizuri. Namna ya kuongea na mtu mwenye kiwewe, namna ya kumtuliza, vitu vya kuepuka, dalili za hatari. Aliisoma yote, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye pochi. Kisha akasema, taratibu tu: "Dokta, umenipa lindo lingine."

Nikamwuliza anamaanisha nini. Akaniambia kwamba usiku hulala ubavu, uso umemwelekea mume, anahesabu pumzi zake. Pumzi zikibadilika anajua ndoto inakuja, anajiandaa. Saa kumi alfajiri anaamka kuangalia milango, kwa sababu mume ataamka saa kumi na moja kuikagua na ni afadhali aikute sawa. Mchana anaangalia uso wake, anawaangalia watoto, anasikiliza barabarani kama kuna pikipiki iliyotobolewa eksozi. "Yeye alikaa lindo Kongo mwaka mmoja," alisema. "Mimi nakaa la kwake, mwaka wa nne huu. Na wewe umeniongezea."

Niliona aibu, na nilistahili. Nilikuwa nimemtendea kama kila mtu alivyomtendea, kama mlango wa kumfikia mumewe. Presha ya 160 ilikuwa ya nani? Mgonjwa aliyekuwa amekaa mbele yangu alikuwa yeye.

Nchi nyingine zimeshaiona kazi hii kuwa ni kazi. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010 inayowapa posho, mafunzo na mapumziko wanaowahudumia nyumbani baadhi ya askari waliojeruhiwa, na majeraha ya akili yamo. Ninaitaja kwa ajili ya neno moja lililomo: mapumziko. Sheria inatambua kwamba anayeuguza lazima aondoke kwenye kazi yake na mtu mwingine akae mahali pake. Kwetu tunamwambia "vumilia", na neno hilo halina saa ya kwisha.

Basi nikaiacha karatasi, nikashika neno alilonipa.

Askari wa siku tatu

Kikao cha nne Afande alikuja. Alikaa kiti cha karibu na mlango, mgongo ukutani. Mtu mpole, sauti ndogo, shati limepigwa pasi hadi kwenye vifungo. Sikumwuliza habari za Kongo. Nilimwuliza swali la kazi: askari akikaa lindo siku tatu bila kubadilishwa, inakuwaje?

Alijibu bila kufikiri. "Analala, au anapiga kivuli."

"Na kosa ni la nani?"

"La aliyempanga."

Dada alikuwa ameinamia pochi yake. Nikamwomba amweleze mumewe usiku wake, kama alivyonieleza. Akaeleza yote: ubavu, pumzi, milango ya saa kumi. Afande alidhani mkewe huamka alfajiri kwa ajili ya sala. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya muda mrefu, kisha akageuka na kumwuliza mkewe, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi: "Unabadilishwa na nani?"

Hilo swali ndilo matibabu ya dada yalipoanzia. Kila tulichofanya baada ya hapo kilikuwa ni kulijibu, kwa majina ya watu na saa za siku. "Jipende", "pumzika", "jipe muda" ni maneno mazuri kwa mtu mwenye nafasi. Mke wa mtu mwenye kiwewe akiambiwa apumzike bila kuambiwa nani atakaa mahali pake, ameambiwa tu kwamba hata kupumzika ameshindwa.

Tulianza na usingizi, kwa sababu bila usingizi hakuna ushauri unaoingia. Nilipendekeza vitanda viwili. Nyumba za kwetu hilo ni jambo zito: mke kuhama kitanda ni dalili ya ndoa kuvunjika, na mama mkwe akiona godoro la pili kesho ukoo mzima unajua. Dada alilia. Kwa hiyo tulilizungumza wote watatu, na Afande mwenyewe ndiye aliyekata shauri: chumba kimoja, vitanda viwili, cha dada upande wa mbali na dirisha. Faragha yao ya mke na mume ilibaki yao, ila kulala usingizi ni kila mtu kwake. Na siku mbili za juma, Jumanne na Ijumaa, dada analala chumba cha binti yao, mlango umefungwa, na ndoto ikija Afande anajihudumia.

Hilo la mwisho ndilo lililomtisha zaidi. "Akiniita?" Tukaweka utaratibu. Mtu aliye katikati ya ndoto ya vita haguswi, hatikiswi. Anayemtikisa anaweza kuumizwa na mtu asiyejua anafanya nini. Anaitwa kwa sauti ya kawaida kutoka miguuni mwa kitanda au mlangoni, jina lake, mahali alipo, nani anaongea: "Baba Watoto. Uko nyumbani. Uko Mbagala. Ni mimi." Na yeye kando ya kitanda akawekewa chupa ya maji, taa ndogo, na kipande cha kanga ya mama yake kilichopakwa mafuta ya mchaichai, kwa sababu harufu huweza kumrudisha mtu alipo. Ijumaa ya kwanza dada hakulala, alisikiliza ukuta. Ijumaa ya tatu alilala saa sita mfululizo, akaamka kichwa kinamuuma kama mtu aliyetoka safari.

Jumamosi tulimkabidhi shemeji, mdogo wake Afande, fundi seremala. Yeye alikuwa anajua kaka yake "hayuko sawa" na alikuwa anasubiri kuambiwa la kufanya. Aliambiwa: Jumamosi saa nane mpaka saa kumi na moja ni zamu yako. Hana mafunzo yoyote na hayahitaji. Anakuja na ubao wa drafti, wanacheza, mara nyingi hawasemi kitu. Katika saa hizo dada yuko kikoba, simu imekaa kwenye pochi, na shemeji amekubali kwamba atapiga kwa jambo la hatari peke yake, si kuuliza sukari iko wapi.

Maandazi yalirudi baadaye, hatua kwa hatua, na Afande aliambiwa mapema kila mara: "Kesho alfajiri nakaanga." Mtu akijua sauti inakuja, mwili hauipokei kama shambulio. Ila kumzoesha sauti zinazomtisha kweli kweli, hiyo ni kazi ya tabibu wake. Yapo matibabu ya mazungumzo yaliyopangwa, ya majuma kati ya 8 na 15 hivi, ambamo mtu hukaribia kumbukumbu zake kidogo kidogo na mtaalamu akiwa pembeni, na zipo dawa kama sertraline zinazosaidia baadhi ya watu. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Candice Monson na wenzake, uliofanyika Boston na Toronto kwa jozi 40 za wenzi, ambapo mgonjwa na mwenzi wake walitibiwa pamoja, na dalili za mgonjwa zilipungua kuliko za waliokuwa bado wanasubiri tiba. Lakini hata huko mke aliingia kama mke. Tabibu alikuwa mwingine. Hili nililiandika kwa kalamu kwenye daftari la dada: kusikiliza habari za Kongo si wajibu wako. Ukitaka kusikia, sikia. Ukichoka, sema "tuishie hapa, mengine mpelekee daktari". Kuna wanawake wanaoanza kuota vita ambavyo hawakuviona, kwa sababu ya kusikilizishwa kila usiku.

Sitara

Kilichonichukua muda mrefu zaidi kilikuwa kitu ambacho hakina kitanda wala saa. Dada hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mama yake mzazi. Alipochezwa unyago, somo wake alimfundisha kwamba nyumba ni sitara na siri ya ndani haitoki nje, na yeye aliyashika hayo kama amana. Ndugu wa mume walipouliza, alijibu "anachoka tu". Mama mkwe akaamua kwamba kijana amerogwa na watu waliomwonea wivu wa nyumba. Yalifanyika makombe, ikafanyika dua, na mimi sikulipinga lolote kati ya hayo; dua inampa mtu nguvu na inaleta watu nyumbani. Nilipinga siku moja tu, pale mama alipoambiwa na mtu kwamba dawa za hospitali zinazuia dua isifanye kazi. Siku hiyo nilisema wazi, na Afande akasimama upande wangu.

Ila kuhusu siri sikuwa na haki ya kumfundisha dada adabu mpya ya nyumba. Nilimshauri arudi kwa aliyemfundisha. Somo wake bado yupo, bibi wa miaka sabini na kitu, Temeke. Dada alikwenda na kilo mbili za sukari, akakaa miguuni pake, akasema. Bibi akamsikiliza, akauliza maswali mawili matatu ambayo dada hakuniambia, kisha akasema: "Nilikufundisha kusitiri. Sikukufundisha kujizika."

Tangu siku ile tulitenganisha mambo mawili. Sitara ni ya heshima ya mume: hatutangazi ndoto zake kikoba, hatusimulii alivyolia, aliyoyafanya au kuyaona Kongo hayatoki. Lakini hali ya dada ni ya dada. Kuchoka kwake, hofu yake, presha yake, hayo ni yake na anaweza kumwambia amtakaye. Walichagua pamoja watu watatu wa kujua jina la ugonjwa: shemeji, mama mzazi wa dada, na somo. Afande aliomba aongezwe mwalimu wa darasa wa mtoto. Nilifurahi sana kuisikia sauti yake katika hilo.

Na kulikuwa na kilio. Pauline Boss, mtafiti Mmarekani aliyeanza miaka ya 1970 kwa kukaa na familia za askari waliopotea Vietnam, alieleza msiba wa mtu ambaye haijulikani kama yupo au hayupo, akaonyesha kwamba hata aliyepo kwa mwili na kuwa mbali kwa moyo huwaachia watu wake msiba wa aina hiyo. Dada aliponisikia nikieleza, alisema, "Mume wangu wa kwanza hakurudi." Alimaanisha huyuhuyu, wa kabla ya Kongo, aliyekuwa akiimba anapooga. Mwenye kufiwa ana matanga, ana edaa, watu wanaleta unga na mkaa. Huyu hana. Tulimlilia yule wa kwanza, ofisini kwangu, alasiri mbili. Sikujaribu kumpa matumaini alasiri hizo. Alihitaji mtu akubali kwamba kuna kilichopotea.

Bahasha

Miezi saba ndani ya kazi hii, Afande alimpa mkewe bahasha. Ndani kulikuwa na hati ya kiwanja, kadi ya benki na namba ya siri imeandikwa kwa mwandiko mzuri. "Kaa nazo wewe." Alikuwa mtulivu kuliko siku zote.

Dada alikuwa amefundishwa kuuliza, na aliuliza, wakiwa wamesimama jikoni: "Baba Watoto, unawaza kujiua?" Watu wengi huogopa swali hili, wakidhani litampa mtu wazo. Halimpi. Humfungulia mlango. Afande alisema ndiyo, tangu wiki iliyopita. Dada hakubaki naye peke yake hata saa moja: alimpigia shemeji, shemeji alifika, vya hatari vikaondolewa nyumbani, na alasiri ileile walikuwa hospitali. Alilazwa siku tisa. Wapo wanaoogopa kusema kwa sababu kwa sheria ya Tanzania jaribio la kujiua bado ni kosa la jinai. Nawaambia: kusema kwamba unawaza, na kuomba msaada, si kosa.

Nimeifikiria sana siku ile. Dada mwenye usingizi wa saa mbili, aliyefungiwa ndani na siri yake, asingeiona ile bahasha ilikuwa nini. Angeshukuru kwamba mume ameanza kumwamini na hela.

Kuna jambo jingine la usalama ambalo sikulipa maneno laini. Mchana mmoja, akiwa macho kabisa, Afande alimsokota mkono mwanawe kwa sababu alipita nyuma yake bila kujitaja. Kumvuta mke chini ya kitanda usingizini na kumsokota mtoto mkono mchana si kitu kimoja. Nilimwambia Afande uso kwa uso: ugonjwa unaeleza, hauruhusu. Na dada alipanga, mumewe akijua, atakavyoondoka ikitokea tena: begi lenye nguo na vyeti vya watoto kwa jirani, nauli, neno la kumtumia shemeji kwa simu, na kituo cha polisi chenye dawati la jinsia na watoto kilipo. Kupanga vile hakukumfanya mke asiyependa. Alilala vizuri zaidi baada ya begi kutoka nyumbani. Mtoto hakuguswa tena. Na ile desturi ya "Baba, ni mimi" ilikomeshwa na Afande mwenyewe: alihamisha kiti chake, akakiegemeza ukutani, mtoto apite anavyotaka.

Embe

Presha ya dada sasa iko 130 kwa 84, na bado anakunywa kidonge kimoja. Afande hajapona kwa maana ya kurudi kama zamani. Anakwenda kliniki, ndoto zimepungua kutoka kila usiku hadi mara mbili tatu kwa mwezi, mwezi wa Desemba huwa mbaya. Harusi ya binti wa shemeji alikaa saa nzima, karibu na mlango, akatoka. Kuna siku dada humchukia, na amejifunza kuisema siku hiyo kwa somo wake badala ya kuimeza.

Oktoba iliyopita kijana wa bodaboda alikuja kuuliza kama apande mwembe. Dada alimwambia asubiri, akaenda kumwuliza mume. Walilijadili na tabibu. Embe ziliachwa.

La kwanza lilianguka Novemba, usiku wa Jumatano, kwa hiyo dada alikuwa chumba chao. Bati lililia. Alimsikia mumewe akikaa kitandani ghafla, pumzi juu juu. Kutoka kitandani kwake, bila kuinuka, alisema, "Embe hilo, Baba Watoto."

Kimya. Kisha: "Najua."

Nilimwuliza baada ya hapo ikawaje, Afande alilala saa ngapi, alitoka kukagua milango au la. Dada alinitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau mahali.

"Sijui, dokta," alisema. "Nilikuwa nimeshalala."